Maji Mekundu Kwenye Chupa ya Jamu

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Morogoro mjini yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, nilinunua chupa kubwa ya jamu. Jamu yenyewe haikuwa na maana. Ilikuwa tamu kupita kiasi na haikusema ilitokana na tunda gani. Tuliimaliza kwa uvivu, lakini chupa ikabaki. Ilifungwa kwa mkanda wa bati mbele ya kiti cha katapila la mume wangu, na kwa misimu minne nilimdanganya mume wangu kwa chupa hiyo.

Mume wangu alikuwa opereta kwenye shamba la mkonge la serikali, huko chini tambarare. Shamba lilipopata mwenyewe mpya, wenzake wengi walirudi kwao na barua za kupunguzwa kazi. Yeye alirudi na barua na katapila, trekta kuukuu la cheni alilokubali kupewa badala ya mafao. Lilitengenezwa wakati sisi wawili hatujajua kusoma. Wanasema rangi yake ilikuwa njano. Mimi sikuwahi kuiona. Lilikuwa na injini mbili: ndogo ya petroli, ambayo kazi yake ilikuwa kuiamsha ile kubwa ya dizeli, na kubwa yenyewe, ambayo haikupenda kuamshwa. Kati ya injini ya kwanza kulia na ya pili kuitikia, mtu aliweza kupika uji akaunywa.

Lilifika Bigwa, chini ya mlima wetu, mgongoni mwa lori, kisha likapanda lenyewe hadi kwetu. Watu walijipanga njiani kana kwamba anapita bibi harusi. Mume wangu hakutazama kushoto wala kulia. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na kwa mara ya kwanza tangu apewe ile barua, nilimwona amekaa wima.

Shamba tulilolima ni la ukoo wa mama yangu. Kwetu Uluguru ardhi hupita kwa mama, kwa hiyo mume hulima kwa mkewe na wenye mlima ni ndugu wa mke. Kaka yangu, mkubwa wa ukoo, alikuja kulikagua lile dude. Alilizunguka mara mbili, mikono mgongoni.

"Shemeji, hiki kitu kikibingirika kitasimama wapi?"

"Hakibingiriki, shemeji. Uzito wake wote uko chini."

"Hata mimi uzito wangu uko chini, na nimeshaanguka."

Tulicheka, lakini neno lile lilinikaa. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uliotangulia, baada ya kufundisha hesabu na sayansi shule ya msingi muda mrefu kuliko nilivyotaka. Mwalimu akistaafu hubaki na tabia ya kumwangalia mtu anavyofanya kazi na kutafuta atakapokosea.

Kusema haki, mume wangu hakuwa mzembe. Hakushuka kwenye mashine kwa upande wa bondeni hata siku moja. Alishukia upande wa juu, ili likiteleza lisimkute chini yake. Hakubadilisha gia katikati ya mteremko. Kabla ya kulima alitembea shamba zima kwa miguu akitafuta visiki, hasa vya upande wa juu, maana cheni ya juu ikipanda kisiki, mashine nzima hulala zaidi kuelekea bondeni. Asubuhi yenye umande alisubiri. Kilichomsumbua ni kwamba mashine ilipenda kulima kwa kupanda na kushuka, na udongo wetu haukutaka hivyo. Ukilima kwa kupanda na kushuka, mvua ya kwanza inafuata mifereji na shamba linakwenda mtoni. Ilibidi alime kwa kukatiza mlima, akiwa ameinama ubavu mchana kutwa.

Ndipo akaitaka chupa ya jamu. Wazo lilikuwa lake, na lilikuwa zuri. Alitia ndani vikombe vitano vya maji, vile vikombe vidogo vya kahawa, akaifunga mbele ya kiti. Mashine ikiinama upande, maji hupanda kwenye kioo upande huohuo. Alilipeleka katapila taratibu hadi mahali alipoona ndio mwisho wa usalama, akasimama, akachukua tupa na kuchanja mstari pale maji yalipofika. Akafanya hivyo pande zote mbili. Toka siku hiyo, maji yakigusa mstari, anarudi. Nimemwona akirudi zikiwa zimebaki hatua tatu amalize tuta, bila kunung'unika.

Kazi yangu ilikuwa kuiosha chupa na kuijaza upya kila masika yakikaribia. Kwa kuwa macho yake yalianza kuchoka, nilitia maji rangi nyekundu, ile ya kutia rangi ukili wa mikeka.

Miaka miwili ilipita vizuri. Wa tatu nikaanza kuona mambo. Aliunyanyua mguu wa kushoto kwa mkono ili aufikishe kwenye pedeli. Ukimwita, jibu lilichelewa kidogo, kama simu ya mbali. Siku moja alizima injini katikati ya shamba, akakaa tu. Nilipomuuliza akasema alikuwa anasikiliza mlio. Injini imezimwa, anasikiliza mlio gani?

Nilimwambia waziwazi. Sikuwa mtu wa kuzunguka. "Mzee, achana na mlima. Walimie watu wa bondeni."

Kesho yake hakuliwasha katapila, na kesho kutwa vilevile. Alikaa kwenye kigoda kando yake, na watu wakipita wakimwamkia shikamoo, alisema marahaba bila kuinua uso. Chakula alikigusa na kukiacha. Nikaelewa kwamba huyu mtu alishapewa barua mara moja, na sasa mkewe anampa ya pili. Nilikasirika kwa kuelewa, kwa sababu sikuweza tena kumlazimisha. Siku ya tatu nilimwambia nilikuwa natania, akaliwasha.

Lakini sikuwa natania. Niliona kwa macho yangu kwamba ule mlima utaniulia mume, na kwamba nikimshusha kwa nguvu nitakuwa nimemuua mwenyewe, polepole. Masika yalipokaribia niliosha chupa, nikatia vikombe vitano na nusu.

Ni hesabu ya darasa la sita. Maji yakiwa juu zaidi, yanaufikia mstari mapema zaidi, mashine ikiwa imeinama kidogo tu. Mume wangu aliipokea chupa, akapitisha kidole gumba juu ya mstari kama kawaida yake. Mstari ulikuwa wake, umechanjwa kwenye kioo, haukusogea. Maji hakuyapima. Maji yalikuwa kazi yangu.

Jioni ile alirudi akiwa ameacha matuta mawili ya juu. Alivua viatu akasema, "Mlima umezidi kuwa mkali."

"Mvua zinakula udongo," nikasema. Tena ni kweli, mvua zinakula udongo.

Msimu uliofuata nilitia vikombe sita, kisha sita na nusu, kisha saba. Kila mwaka mashine ilishuka kidogo na jembe la mkono likapanda kidogo. Kule juu kabisa nilipanda migomba. Mume wangu aliwaeleza wageni jinsi mlima ulivyokuwa unasogea, na kaka yangu, ambaye alizaliwa pale, alikubaliana naye na kuongeza mifano. Nilikuwa nawatengea chai huku nimeinamisha kichwa. Niliona aibu, tena nyingi. Lakini kila jioni niliposikia cheni zinarudi nyumbani, aibu iliisha.

Sasa kuna jambo moja ambalo chupa haikuweza kulipima. Katapila halina usukani. Lina vyuma viwili vya kukatia kona, kimoja kila mkono. Kwenye tambarare ukivuta cha kushoto, linakwenda kushoto. Lakini likishuka mteremko mkali, uzito wake ukalisukuma, mambo hugeuka: ukivuta cha kushoto unaiachia cheni ya kushoto, inakimbia mbele, na mashine inakwenda kulia. Kwa hiyo anayeshuka huvuta kinyume. Alishanieleza hayo mara nyingi hata ningeweza kuyatungia mtihani. Alisema akili haina kazi pale, ni mikono inayojua.

Msimu ule wa nne nilikuwa napalilia maharage kando ya njia ya kushukia. Nilimsikia anakuja, nikainua kichwa. Kulia kwake kulikuwa na korongo, na njia hapo inakata kona kushoto. Nikauona mkono wake wa kushoto unavuta.

Katapila liligeuka kulia, taratibu, bila haraka yoyote, likaingia korongoni kwa pua. Injini ikazimika. Pale chini korongo lina kina cha kiunoni tu. Kule juu, mahali ambapo angekuwa anashukia kama chupa ingekuwa na vikombe vitano, ukitupa jiwe unasubiri kulisikia.

Nilikimbia, mimi ambaye sikuwa nimekimbia tangu michezo ya walimu. Alikuwa amekaa kitini, mikono yote miwili imeshika chuma cha kushoto, na shati lake lilikuwa jekundu kuanzia kifuani hadi tumboni. Nilipiga yowe.

"Ni maji yako," akasema.

Kifuniko cha chupa kilikuwa kimeruka. Nikashika cheni.

"Shuka upande wa juu," nikamwambia.

Alishuka upande wa juu. Alisimama karibu yangu akiutazama mkono wake, akasema, "Nimevuta cha kushoto."

"Nimeona."

Kaka yangu alikuja na watu na majembe, wakachimba ukingo hadi katapila likatoka kwa nguvu zake. Walisema udongo ulikuwa na utelezi. Mume wangu aliifungua ile chupa mbele ya kiti, akaenda nayo nyumbani.

Siku ya pili yake niliingia jikoni nikamkuta na chupa. Alikuwa ameshika kikombe changu cha kahawa, anamimina na kuhesabu kwa sauti, kama mwanafunzi. Alipofika tano alisimama, akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya maji, kwenye kioo kikavu, kulikuwa na duara jekundu lililofifia pale maji yalipokuwa yakitulia msimu mzima. Rangi ya ukili haitoki kirahisi. Mimi, mwalimu wa sayansi, hilo sikuliwaza.

Alitazama duara, akatazama maji, akatazama tena duara.

"Kumbe mlima haukusogea," akasema.

"Haukusogea."

"Shemeji anajua?"

"Hajui mtu."

Aliitikia kwa kichwa. Akamwaga yale maji, akafuta kikombe na kukirudisha mahali pake, akatoka. Nilingoja anigombeze siku hiyo na siku zilizofuata. Ilikuwa haki yangu kugombezwa, na nilikuwa nimeandaa hata majibu. Hakulitaja tena. Tulivuna, tukala, wageni wakaja, na habari za mlima unaosogea hakuzisimulia tena.

Masika mengine yalipokaribia nilichukua kikombe na rangi, nikaenda bandani. Sikuwa nimeamua nitatia vingapi. Katapila lilikuwa limesimama pale, sakafu ya banda ni tambarare kama meza, na chupa ilikuwa tayari mahali pake, imeoshwa, imejazwa. Mume wangu alikuwa ameizidisha rangi. Maji yalikuwa yamegusa mstari wa kushoto na mstari wa kulia, yametulia. Mashine ilikuwa inakataa hata kabla ya kuondoka bandani.

Miaka yote ile hilo ndilo nililolitaka. Nilikaa juu ya cheni nikalia, na sehemu ya kilio ilikuwa hasira, kwamba amelifanya peke yake bila kuniambia, kama nilivyomfanyia mimi.

Nilipomaliza kulia nilifungua kifuniko, nikateka kikombe kimoja, nikakimwaga chini, nikafunga. Hata kwa kiasi kilichobaki mashine isingeweza kupanda mlima. Lakini bondeni tuna shamba pia, ni tambarare, na huko mkono wa kushoto ni wa kushoto.

Asubuhi nilisikia injini ndogo inalia kuiamsha kubwa, nikabandika uji.