Alama ya Pili ya Jina la Babu

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa kumi na dakika ishirini jioni, simu ya mama, iliyokuwa juu ya cherehani, ilipolia kwa ujumbe. Mama alikuwa ameuma pini mdomoni, kwa hiyo nikafungua mimi. Baba mdogo alikuwa ametuma picha ya jiwe la kaburi la babu. "Liko tayari. Kesho saa tatu asubuhi. Mje kama mtaweza."

Nikaikuza picha kwa vidole. Chini kabisa, kwa herufi za Kizungu, LEE. Juu yake alama nne za Kichina zimechongwa kushuka chini. Ya kwanza imepakwa nyekundu. Tatu zilizobaki, kijani. Nikarudi kwenye alama ya pili, nikaikuza zaidi.

"Kuna nini?" mama akauliza na pini zake.

"Hamna kitu."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoisema kuliko zote, rafiki yangu, wewe unanijua. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu darasani kwetu hakuna anayeweza kukisoma, na kwa sababu jambo lenyewe niliahidi kulinyamazia.

Kuanzia nilipokuwa na miaka sita hadi kumi na moja, kila mchana baada ya shule nilifungiwa ndani ya waya. Usishtuke. Babu mzaa baba alikuwa na duka Malvern, barabara ya Jules, na duka lote lilikatwa katikati na waya mzito kutoka sakafuni hadi darini. Wateja upande wao, sisi upande wetu, na kati yetu kitobo cha kupitisha mkate. Baba alikuwa ameondoka kwenda Durban, akasahau njia ya kurudi. Mama alikuwa akishonea watu Marshalltown. Basi nikabaki na babu, Mchina aliyezaliwa hapahapa Johannesburg. Alikuwa akifunga kufuli ya geti la waya, anaitikisa, anaondoka hatua mbili, kisha anarudi kuitikisa tena.

Wateja walimwita Mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu, na walimtania kila siku.

"Mkhulu, nani amekufunga humo? Umeua?"

"Nimewafunga ninyi, huko nje!"

Mimi nilikaa juu ya kreti la soda nikifanya hesabu. Bado nasikia harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya mche na mkate uliokuja bado moto. Nasikia friji ikinguruma, ikikohoa, ikinyamaza. Chakula chetu kilikuwa wali uliopikwa mpaka ukawa uji, na karanga, na yai la chumvi lililonikunja uso. Kupitia kitobo niliona wenzangu wakiruka kamba barabarani, lakini miguu yao tu, maana bidhaa zilizotundikwa kwenye waya ziliziba kwingine kote. Niliwajua kwa viatu. Nilitamani kutoka hadi nikaota nimepenya kwenye kile kitobo kama mkate.

Siku moja ya baridi umeme ulikatika, wateja wakapungua. Mwalimu alikuwa ametuagiza kila mmoja alete habari ya jina la ukoo wake, lilikotoka. Nikamuuliza babu, jina letu Lee lina habari gani. Babu akatazama geti kama vile serikali imesimama pale inasubiri mkate. Kisha akavuta kreti lake karibu na langu.

Akaniambia Lee si jina letu. Baba yake alikuja nchi hii wakati sheria ilikuwa imewafungia mlango Wachina wapya. Walioweza kuingia ni wale tu waliokuwa na kibali cha zamani. Mtu mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa amerudi kwao akaugua, alikuwa na kibali hicho, naye aliitwa Lee. Baba yake babu akasafiri kwa karatasi za yule mgonjwa. Alipanda meli akiwa mtu mmoja, akashuka akiwa mwingine. Tangu hapo ni Lee: yeye, babu, baba, mimi kwenye daftari la mahudhurio.

Jina lenyewe ni Szeto. Ni jina adimu, babu alisema, kwa sababu karibu Wachina wote wana ukoo wa alama moja, sisi tuna mbili. Zamani sana, enzi za wafalme wao, lilikuwa jina la cheo. Alama ya kwanza ni msimamizi, ya pili ni watu anaowasimamia. Mwenye cheo akafa, watoto wake wakalibeba kama ukoo. Nikalielewa vizuri, maana kwao mama, Tanga, wapo watu wanaoitwa Liwali hadi leo na wanauza maandazi kama kawaida.

"Hili ni la ndani ya waya," babu akasema. "Usimwambie mtu. Hata baba yako mdogo. Yule mdomo wake hauna geti."

Kesho yake nikamwambia mwalimu sijui chochote. Akaniandikia: Ongeza bidii.

Nilikuwa na miaka minane babu aliponichukua kwenye siku ya Wachina ya kufagia makaburi, mimi na yeye tu. Tulikwenda kwenye jiwe la baba yake. Kwa Wachina, jina la ukoo hupakwa nyekundu, kwa sababu ukoo haufi. Jina la mtu mwenyewe hupakwa kijani, maana yeye keshaondoka. Lakini fundi aliyekuwa akipita kaburi hadi kaburi na makopo yake alizoea koo za alama moja. Alama ya kwanza alipaka nyekundu, akaendelea na kijani. Kila mwaka kosa lilelile.

Babu akacheka. "Tazama. Msimamizi hana watu. Kama mimi dukani siku ya mvua."

Akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, kutoka rafu yetu wenyewe. Nikamshikia kichupa, akapaka ile alama ya pili polepole, ulimi nje kama mtoto. Mpigo wa mwisho akaniachia mimi.

Babu alifariki mwaka jana. Jina la jiwe aliliandika mwenyewe kwenye karatasi, akampa baba mdogo, naye akaipeleka kwa fundi bila kujua kusoma Kichina. Anadhani pale pameandikwa Lee. Na jioni ile ya Jumamosi, Johannesburg nzima, aliyejua kwamba alama mbili za kwanza zinakwenda pamoja ni mimi peke yangu: mtoto ambaye baba mdogo, msibani, alimtambulisha kama "msichana wa yule mama wa Bellevue", ndiyo mtaa tunaoishi.

Nikajiuliza, nivunje ahadi kwa ajili ya mtu asiyenihesabu? Au nimwache babu na nusu ya ukoo wake imezikwa? Chumba chetu kina ukuta wa mbao na dirisha lenye nondo. Nilikaa kitandani nikahisi nimerudi juu ya kreti, tofauti ni kwamba kufuli sasa nimeshika mimi.

Jirani yetu, msusi Mkongomani wa upande wa pili wa mbao, akaingia kuomba chumvi. Nikashtukia nimemwomba rangi ya kucha, nyekundu.

"Oh! Leo mutoto anataka kujipamba! Kwa kijana gani, chérie?"

"Kijana?" Mama akatema pini zote. "Kijana gani, na mitihani ipo?"

Walicheka hadi basi. Mimi nikafunika kichupa alichonipa kwenye kiganja.

Duka la babu sasa linauza simu. Waya umeng'olewa, mlango uko wazi, muziki unasikika hadi kwenye robot, ndizo taa za barabarani. Ungedhani ningefurahi. Nilipita mwezi uliopita nikajiona kama niko uchi barabarani. Hakuna tena mahali pa kusema jambo likabaki ndani.

Leo Jumapili asubuhi tulifika makaburini saa tatu kasorobo. Machungwa yamepangwa, ubani unafuka, mama amesimama pembeni na mtandio wake. Sikusalimia watu vizuri, nakiri. Nilipiga magoti mbele ya jiwe nikafungua kichupa.

"Eish, unafanya nini wewe?" Baba mdogo huyo, juu ya kichwa changu. "Fundi keshamaliza!"

"Hajamaliza, baba mdogo."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Nikamwambia yote, bila kugeuka: meli, mgonjwa, karatasi, Szeto. Watu wote wakasikia. Nikachovya brashi, nikaanza kupaka ile alama ya pili, nikisubiri anifukuze.

Badala yake nikasikia magoti yake yakilia. Alichuchumaa kando yangu na suti yake.

"Mimi hakuniambia," akasema.

Kisha akaninyang'anya kichupa, akakishika wima karibu na mkono wangu ili kisimwagike, nami nikaendelea kupaka.