Theuri, Aliyeshuka Mlima Peke Yake

Theuri wa Wamagana nimemjua tangu akiwa na kaptula iliyotoboka, akija kwangu kula githeri na mwanangu Muriithi kutoka sufuria moja. Walikua pamoja, wakaacha shule pamoja, wakawa wapagazi pamoja, wakiwabebea watalii mizigo Mlima Kenya.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa nne, ukungu uliwatenga na wenzao huko juu ya miti yote. Muriithi akaanguka kwenye mawe. Mkono wa kulia ukavunjika karibu na bega, na mguu ukakataa kumbeba. Theuri alipatikana siku ya sita akitambaa kando ya mto, midomo imepasuka, amevaa makoti mawili. Mwanangu alishushwa siku mbili baadaye, kwa machela.

Alichosema Theuri kila mtu kwetu anakijua. Ati usiku wa tatu Muriithi aliona amekwisha, akavua koti lake akampa, akamwambia, "Vaa, ushuke, unisalimie maitu," yaani mimi, mama yake. Kisha akakata roho. Mhubiri alilisema hilo kanisani na watu wakalia. Nami nililiegemea hilo koti miaka yote. Nilikuwa nimezaa mtu wa namna hiyo.

Theuri naye hakuniacha. Jumamosi alikuwa kwangu akichuma majani chai. Paa likivuja, ni yeye. Alipopata mvulana wa pili, badala ya kumpa jina la baba wa mke wake kama ilivyo desturi yetu, alimwita Muriithi. Mkwewe hakukanyaga kwake mwaka mzima. Mimi aliniita maitu, mama, kama aliyetoka tumboni mwangu.

Mwaka jana akaja Sadia, msichana wa Nanyuki ambaye baba yake anauza ng'ombe, akasema anataka kutengeneza filamu ya hao wawili. Theuri alikataa mara tatu. Mimi ndiye nilimsukuma.

"Unaogopa kamera? Mwanaume mzima na ndevu!"

"Maitu, hayo mambo yalale."

"Yamelala kwako. Kwangu hayajalala."

Nilitaka kitu kimoja tu: kumwona mwanangu akivua lile koti. Hata kama ni mtoto wa wenyewe anaigiza, nione.

Siku ya koti walinipeleka kwa gari juu ya Naro Moru, mahali mianzi inaishia. Theluji ilikuwa povu walilomwaga juu ya nyasi, lakini baridi haikuwa ya kuigiza. Theuri alijiigiza mwenyewe, kwa sababu Sadia alisema hakuna mwingine anayetembea vile. Muriithi aliigizwa na Mwai, kijana wa Karatina mwenye mdomo mwingi.

"Shosho, kaa karibu na jiko," Mwai akaniambia. "Nikikufa vibaya unipigie makofi tu."

"Kufa kwanza, tuone."

Watu wakacheka. Theuri hakucheka. Alikuwa anamfunga Mwai mkono kifuani kwa kamba, juu ya koti, kama alivyokuwa akisimulia siku zote.

Sadia akasema waanze. Mwai akashusha zipu kwa mkono wa kushoto, akavuta koti, likakwama. Akavuta tena.

"Ngojeni. Hii natoa aje? Mkono imefungiwa juu ya koti."

"Si ufungue kamba," Sadia akasema.

"Na mkono moja? Fundo iko huku mgongoni. Na mimi niko karibu kukufa, ama?"

"Theuri, alifungua aje?" Sadia akauliza.

Theuri akaangalia povu.

Ndipo nikakumbuka. Nilimwona mwanangu siku waliyomshusha. Mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani vizuri, juu ya shati. Juu ya shati! Nimekaa na hiyo picha miaka kumi na moja na sikuwahi kuiuliza swali.

"Theuri," nikasema. "Nani alimfunga mara ya pili?"



"Ni mimi, maitu."

"Alikuwa ameshakufa?"

Akatikisa kichwa. "Alikuwa anapumua. Nilimfungua, nikatoa koti, nikamfunga tena ndiyo mkono isimuume."

"Alisema nini?"

"Maitu, wacha."

"Nimekuuliza alisema nini!"

"Alisema, 'Theuri, hiyo ni yangu. Niko na baridi.' Mara mingi. Nikaenda, na bado namsikia anasema. Ningengoja tungekufa wote wawili."

Sadia akaja akachuchumaa kando yangu.

"Mama, tufunge kazi? Ama tuipige vile amesema? Nitafanya vile utasema wewe."

Theuri akapiga magoti palepale. "Usikubali, maitu. Nitaishi wapi? Nitamwambia nini mtoto mwenye hilo jina?"

Nikamtazama. Hii ndiyo mikono iliyonichumia chai na kunizibia paa.

"Pigeni vile amesema," nikamwambia Sadia.

Mwai akalala tena, sasa bila mzaha. Theuri akaletwa na mtu, ameshikwa bega. Kamera ikawashwa. Mwai akasema polepole, "Theuri, hiyo ni yangu. Niko na baridi." Sauti haikuwa ya Muriithi, haikukaribia hata. Lakini nilijikuta nimesimama, nimeingia kwenye povu na viatu vyangu vya kanisani, nimekaa chini, nimeweka kichwa cha yule kijana kwenye mapaja yangu.

"Mama," Sadia akasema, "umeingia kwa picha. Hapo hakukuwa na mtu."

"Najua hakukuwa na mtu."

Kama kamera ilizimwa, sijui. Mwai hakujua afanye nini, akarudia maneno aliyopewa, niko na baridi, niko na baridi, nami nikamvuta karibu na tumbo langu. Theuri alikuwa amepiga magoti mbele yetu, analia, mikono ameipitisha chini ya mgongo wa Mwai akilitafuta fundo kama usiku ule, na safari hii hakulipata.