Mashine Imeyapa Mayai Yangu Umri wa Jirani

Jamani, mayai yangu yana siku kumi na tisa. Leo mashine imesema yana siku nne.

Asubuhi mashine ya kutotolea vifaranga ilizima. Baridi ya hapa Uyole mnaijua. Nikayafunga mayai yote kwenye blanketi la mwanangu pamoja na chupa za maji ya moto, nikamwita fundi.

Akafungua, akaangalia.

"Mama Baraka, chipu ya kumbukumbu imekufa. Tupate mashine kama hii, ninakili kumbukumbu yake, nikuwekee chipu mpya."

Jirani yangu Mama Tumaini anayo, tena akakubali ifunguliwe. (Mungu ambariki.) Fundi akanakili, akachomelea chipu mpya kwenye bodi yangu. Taa ikawaka, joto likapanda. Nikarudisha mayai huku nacheka.

Mara trei ikaanza kuinama, inageuza mayai.

Siku hizi za mwisho mayai hayageuzwi kabisa, kifaranga ameshajipanga kutoboa.

"Fundi, zima hicho kitu!"

Akazima, akawasha tena asome kioo. "Mbona inasema siku ya nne?"

Mama Tumaini akajibu taratibu, "Si mimi nimeweka yangu Jumatatu? Umenakili mpaka siku zangu, baba."



Fundi akabonyeza weee mpaka kumi na tisa. Trei ikatulia.

Wafugaji wenzangu, iligeuka mara moja tu. Watatoka? Niambieni ukweli, maana nimeweka yai moja sikioni na ndani kuna kinacholia.