Dume la Kobe Kutoka Makambako

Juzi nilipita mbele ya karakana ya seremala, mvua imetoka kukatika, nikakutana na harufu ya maranda ya paina. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau njia. Fundi akaniuliza kama nataka kitanda. Sikutaka kitanda, jamani. Nilikuwa nimerudi Njombe, jikoni kwa mama, nina miaka kumi, nimepiga magoti mbele ya boksi la maranda nikisubiri kobe atoe kichwa.

Kobe huyo tulimwita Mzee, kifupi cha Mzee wa Kanisa, kwa sababu baba akianza sala ya jioni yeye alinyoosha shingo na kututazama mmoja mmoja, utadhani anahesabu waliosinzia. Nilipewa na Baba Zuhura wa Makambako, dereva wa lori la mbao na rafiki wa baba. Siku hizo hatukujua kwamba hata kobe anahitaji kibali cha serikali. Mwaka wa pili Mzee akataga mayai. Baba alicheka hadi akakohoa, lakini jina hatukulibadilisha.

Kutaga kwenyewe hakukuwa kicheko. Ilikuwa Julai, na baridi ya Njombe mwezi huo usiombe. Asubuhi majani ya kabichi yanakuwa meupe kwa sakitu. Kobe hutaka udongo wenye joto, nasi hatukuwa nao. Mzee alichimba kila kona ya uwanja kwa miguu ya nyuma, akaacha, akachimba tena, siku nne bila kula. Siku ya tano hakutembea kabisa. Mama ndiye aliyemwokoa. Alimweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu karibu na mafiga, akakaa naye tangu chai ya asubuhi hadi mchana, akimsemesha Kibena kwa sauti ya chini. Mayai matano yakatoka. Mwezi mzima Mzee alilala kwenye maranda, macho ameyafumba, nami kila nikitoka shule nilimgusa pua kuhakikisha bado yupo.

Mayai yaliangukia mikononi mwa Shangazi Vaileti, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa mfugaji hodari wa kuku, na kwake yai ni yai. Aliyatia alama ya mkaa, akayaweka chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, na kila jioni akapita kuyageuza moja moja. Bwana mifugo alipomwambia kwamba yai la kobe halitakiwi kugeuzwa hata kidogo, shangazi akamjibu kwamba hayo ni mambo ya vitabuni. Yote yalioza.

Mwaka uliofuata mama alipelekwa hospitali ya Ilembula akiwa na tumbo kubwa, akarudi bila mtoto. Mimi niliambiwa mtoto amekwenda kwa Mungu, na nisimsumbue mama kwa maswali. Shangazi akahamia kwetu kusaidia kupika. Jioni nikiwa na daftari langu nilimsikia sebuleni akimhimiza baba watafute mtoto mwingine, wala hakujisumbua kunong'ona. Daktari alikuwa ameonya kwamba mimba nyingine ni hatari, lakini shangazi alisema madaktari wanapenda kutisha watu.

"Mtoto mmoja ni jicho moja," alisema. "Likiingia kibanzi, umekuwa kipofu."

Baba akajibu, "Tutaona." Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu, kuanzia paa linalovuja hadi harusi za binamu zake. Mama alikuwa chumba cha pili, na mlango ulikuwa wazi.

Hazikupita siku nyingi, shangazi akaamua kwamba Mzee naye azae tena. Mayai yalioza kwa kukosa dume, alisema, na tayari alishawaahidi vitoto vya kobe watu watatu wa usharika wetu. Akampigia simu Baba Zuhura, ambaye alikuwa na dume, wakakubaliana amlete Jumapili. Julai ilikuwa inakaribia tena. Akilini nilimwona Mzee akichimba, nikaliona beseni, na safari hii mama hakuwa na nguvu za kukaa jikoni nusu siku.

Jumapili tulipotoka kanisani, Baba Zuhura alikuwa ameshafika. "Kamwene!" akatuamkia, Kibena chake chote kikaishia hapo. Akafungua ndoo ya rangi iliyotobolewa mfuniko, akamweka dume kwenye nyasi. Dume akanusa upepo, akamwona Mzee, akamwendea moja kwa moja na kumgonga kwa gamba. Ko! Mzee akaingiza kichwa. Ko! Akamsukuma hadi ukutani. Kila kishindo nilikisikia kwenye meno yangu.

"Kazi imeanza!" shangazi akapiga makofi.

"Mtoe!" nikapiga kelele. "Baba, mwambie amtoe!"

Baba Zuhura, Mungu amjalie, akainama na kumnyanyua dume, miguu yake ikipiga hewani. Watu wote wakamtazama baba. Baba akatazama kofia yake. "Kobe ni wa Faraja," akasema. "Aamue mwenyewe."

Hebu fikiria, mtoto wa miaka kumi, watu wazima watatu wamekukodolea macho, na mama amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Shangazi akaniambia kwa sauti ya asali kwamba nikikubali nitakuwa na vitoto vingi vya kucheza navyo, nisibaki mpweke. Nilitamani kumfurahisha.

"Sitaki," nikasema. "Akifa nitabaki na mayai. Mayai hayanijui. Yeye ananijua."

"Haya, mtoto amesema," baba akakata shauri, akanyoosha mkono kuchukua kikombe. Wote wakanyoosha mikono. Mama akalirudisha sinia nyuma.

"Na mimi sitaki," akasema. "Daktari ameniambia, nanyi mnajua. Sizai tena."

Mbele ya mgeni! Mbele ya wifi yake! Sikuwahi kumsikia mama akitoa sauti ile. Baba Zuhura alimrudisha dume kwenye ndoo haraka, akasema safari ya Makambako ni ndefu. Shangazi alifunga virago bila kunywa chai, na kwetu mtu akiondoka hivyo, ameondoka kweli. Baba akakaa nje hadi baridi ikamrudisha ndani.

Siku zilizofuata baba na mama hawakusemezana. Nilijua kosa ni langu. Nilikuwa nimekataa kobe azae, na sasa familia imevunjika. Alhamisi nilimfuata baba kwenye ghala la viazi, nikamwambia huku nalia, "Baba Zuhura amlete tu dume. Nimekubali." Baba aliacha kupanga viazi. Akanifuta machozi kwa kiganja chenye udongo. "Hapana, mwanangu. Umeshakataa. Inatosha." Jioni ile alikwenda jikoni, akaketi kwenye kigoda kando ya mama na kumenya viazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Vilikuwa vimemenywa vibaya kweli.

Nilikua nikiamini kwamba mama alipata ujasiri kutoka kwangu, na sitakuficha, nilijivunia. Hata mwaka jana, tukiwa wawili, nilimwambia hivyo nikicheka. Mama hakucheka.

"Si ujasiri," alisema. "Nilikuwa na hasira. Niliona kobe amepata wa kumsemea, na wewe mtoto umeulizwa, ukasikilizwa. Nikasubiri zamu yangu. Nikaona wananyoosha mikono kuchukua vikombe."

Nikamuuliza angejibu nini kama baba angemuuliza, wawili tu, kwa upole.

"Nilimtaka sana mtoto mwingine, Faraja," alisema. "Labda ningekubali."