Siku Simu Iliponitaka Nitabasamu Matangani

Naona haya kulisimulia hili hata leo, lakini wenzangu wa soko la Busia mmeshalisikia likiwa limetiwa chumvi, basi afadhali mlisikie kwangu: ni kweli nilionekana nimevaa wigi, natabasamu, kando ya kaburi la mume wangu.

Mnajua nauza dagaa, na wateja wangu wa upande wa Kenya walishanizoesha kulipwa kwa zile dola za mtandaoni, maana noti kila ukizibadilisha mpakani zinapungua. Mtaji wangu wote ulikuwa ndani ya simu. Kisha serikali ya kule ikatunga sheria ya sarafu hizi, na ujumbe ukaja: kila mwenye akaunti aoneshe kitambulisho na uso wake, la sivyo itafungwa. Nikasema nitafanya kesho (kesho hiyo ndiyo iliyoniponza), mara mume wangu akazidiwa, akafariki, tukamzika kwao Nagongera, huku Uganda, na siku ya mwisho iliyotajwa kwenye ule ujumbe ikanikuta matangani nimenyolewa kipara, kama desturi inavyotaka.

Nikajaribu, simu ikanikataa. Nikadhani ni kichwa, maana kwenye kitambulisho nina nywele. Nikaazima wigi la wifi yangu, nikatafuta mtandao, na pale nyumbani mtandao unashika sehemu moja tu, karibu na kaburi. Nikajisemea, ni dakika moja, nani ataona?

Simu ikasema geuka kushoto, nikageuka. Tabasamu. Nikatabasamu kidogo, ikasema bado, nikaongeza, bado, mpaka nikatoa meno yote nje, na nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu, kwaya nzima nyuma yake.

"Mama Athieno, wewe nacheka na nani? Udongo ya mtoto wangu haijakauka, wewe napigia mwanaume!"

"Si mwanaume, mama. Ni serikali."

"Serikali gani hii natongoza mjane?" akadakia mwanakwaya mmoja.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze (na pale ilikuwa laini tayari). Nikavua wigi, nikamweleza mama yote, kwamba chakula cha wajukuu wake kimo humo ndani.

Akaichukua simu, akaishika mbele yangu kwa mikono miwili. "Basi cheka. Sisi naangalia."

Nikatabasamu na kipara changu, machozi yanatiririka, na simu ikakubali. Kumbe mara ya kwanza ilinikataa kwa sababu sikutabasamu, nami nikasingizia nywele! Mtaji ulikuwepo wote. Nilikaa chini palepale nikahema kama niliyetuliwa gunia.

Ile sheria niliilaani sana, ila sasa naona nafuu, maana mwizi akichukua simu yangu, uso wangu hana. Mbele huko sijui watataka nini tena. Ninachojua, ujumbe ukija naushughulikia siku hiyohiyo, na kama nipo matangani naaga kwanza: jamani, naenda kutabasamu, narudi.