Paja Ndani ya Shimo la Ndizi

Msimu ule nyumbani kwetu Kanazi tulikuwa watano. Alikuwepo bibi yangu Kandida, aliyemzaa baba, mwenye mji. Alikuwepo baba yangu Rubeni, mtoto wake wa kwanza, na baba mdogo Anselimi aliyemfuata. Alikuwepo shangazi Yosefina, kitinda mimba wao, na ndiye aliyekuwa amechumbiwa na kijana wa Mugoma aitwaye Filipo. Wa tano ni mimi, Angelina, mwenye miaka tisa. Mama yangu Kezia alikuwa kwao Murukulazo akimuuguza mama yake, kwa hiyo kila kilichohitaji mikono midogo nilitumwa mimi. Nawataja kwa majina kwa sababu kila mmoja wao alivuta harufu ile, na baadaye kila mmoja alisema hakuivuta. Ilikuwa harufu ya ndizi mbivu, tamu kama asali, na chini yake kitu kingine kizito kilichokaa nyuma ya ulimi. Hata leo nikipita mahali ndizi zimevundikwa, natema mate kwanza ndipo nasalimia.

Kwetu pombe ya ndizi huanzia shimoni. Unachimba, unawasha moto humo ndani mpaka udongo uwe na joto, unazoa majivu, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika majani mengine na udongo juu. Halafu unaliacha. Siku nne hakuna anayeligusa. Ukilifungua mapema joto linatoka na ndizi zinabaki ngumu kama kuni. Shimo lile lilikuwa la pombe ya wakwe, waliokuwa waje kutoka Mugoma kukamilisha maneno ya shangazi. Asubuhi ya siku tuliyokuwa tunalijaza, ng'ombe wetu Bihogo aliteleza kwenye korongo akitoka mtoni, akavunjika mguu. Majirani walishuka na kamba wakamvuta, wakatoka matope mpaka kwenye nyusi. Hakuwa wa kupona, akachinjwa. Baba akampa Anselimi kisu agawe, akamwambia mbele yangu kwamba paja la nyuma ni la wale waliomvuta ng'ombe, wakagawane wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa, nyama ya ng'ombe aliyeanguka haikuwa ya mwenye ng'ombe peke yake.

Bibi alikwenda kuomba chumvi, baba alikuwa akiwamba ngozi, mimi nikatumwa majani ya mgomba ya kumalizia kufunika. Niliporudi na mzigo kichwani nilimkuta baba mdogo amepiga magoti kandoni mwa shimo, mkono umezama mpaka begani. Ndizi za juu alikuwa amezitoa. Alikuwa anasukuma lile paja chini, zima, na kwato yake. Baadaye nilielewa hesabu zake: alifikiri shimo lililochomwa moto lingemkaushia nyama, kama inavyokauka kwenye dari ya jikoni, na kwamba kesho yake angeitoa kimya kimya akaila peke yake. Aligeuka akaniona. Hakukasirika. Alichukua kipande cha ini kilichokuwa kimeokwa kwenye makaa, akakipuliza, akanitia mdomoni kwa vidole vile vile.

"Angelina, umeona nini?"

"Majani, baba mdogo."

"Eeh. Mtoto mwenye adabu anajua kusitiri."

Nikatafuna. Lilikuwa tamu, nisiwadanganye. Majirani walirudi makwao na utumbo tu, wakinung'unika njiani kwamba Rubeni ni mchoyo, na baba naye alilala akijua amewapa paja zima.

Juzi mjukuu wangu anayesoma sekondari alikuwa na kamusi yake mezani, akanisomea neno moja la Kiingereza ambalo wenzetu wanalitumia kila siku. Limetafsiriwa kuficha, kusitiri, kufunika, kujificha, yote ndani ya neno hilo hilo. Nikamwambia arudie. Mimi sikuvuka darasa la tatu na Kiswahili chenyewe nilijifunzia sokoni, lakini haya siwezi kuyatia chungu kimoja. Chakula unakifunika nzi wasikiguse. Uchi wa mwenzako unausitiri. Aliye na hofu anajificha. Ila kuficha cha watu ili ule wewe, hilo ni jambo jingine kabisa, na wajanja wa kila kizazi hulivalisha nguo ya kusitiri ili lipite mlangoni na kukaribishwa kiti. Baba mdogo alinifundisha hivyo nikiwa na ini mdomoni.

Basi hesabu zake ziligoma. Bibi, kwa kuogopa mbuzi na wezi, alitandika mkeka kando ya shimo, na siku zote nne alishinda pale akisuka vikapu, usiku akamwachia baba. Anselimi alizunguka kama mbwa nje ya bucha. "Mama, nenda kapumzike." "Nimechokea wapi?" Siku ya pili nzi wa kijani walianza kutua juu ya udongo. Siku ya tatu udongo wenyewe ulilowa mahali pamoja. Bibi alikuwa mtu wa ugoro, pua yake ilikuwa imejaa saa zote. Baba alikunja uso mara moja, akasema labda panya amefia kwenye migomba, akaenda zake. Yosefina alikuwa ndani akipakwa siagi, maana bibi harusi haonekani onekani. Mimi nilikuwa nikizunguka mbali kutafuta kuni nisipite pale.

Siku ya kufungua, Anselimi alimwambia bibi aende mtoni akaoge, kazi ile ni ya wanaume. Akafukua, nami nikiwa na kikapu. Sijui niseme vipi. Joto lilitoka kama pumzi ya mtu mgonjwa. Ndizi za juu zilikuwa za manjano, nzuri kabisa. Za chini zilikuwa zimelowa maji ya rangi ya chai, na paja lilikuwa limevimba, la kijani, linatembea. Ndiyo, linatembea, kwa funza. Alilifungia kwenye majani akakimbia nalo bondeni kwenye mafunjo, akarudi, akachukua nyasi akaanza kufuta ndizi moja moja.

"Zimwagwe, baba mdogo," nikasema.

"Tumwage pombe ya wakwe? Wewe una wazimu? Zikimenywa nani atajua?"

Tukamenya. Vidole vyangu viliteleza. Tukazikamua kwa nyasi kwenye mtumbwi wa mti, yeye akikanyaga kwa miguu huku anapiga mluzi, tukatia unga wa mtama uliokaangwa, tukafunika. Bibi aliporudi aliuliza kwa nini povu lina rangi ile. Akajibiwa ndizi zimeiva sana. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata siku ile nilikuwa mimi, nimekaa kimya.

Wakwe walikuja saba, wakiongozwa na mshenga, Mzee Sebastiani, mwenye koti jeusi na fimbo. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, utani ukaanza. "Tumesikia Kanazi ng'ombe wanajitupa korongoni wenyewe, hata kisu hamtafuti!" Wote wakacheka. Mtungi ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Sasa kwetu mgeni hanywi kabla ya aliyeipika kunywa mbele yake, ili kila mtu aone hakuna sumu. Aliyeipika alikuwa Anselimi. Akapiga goti, akashika mrija, mashavu yakaingia ndani, akafuta mdomo. "Karibuni, wakwe."

Nilikuwa nimepiga magoti hatua moja kutoka kwake, nimeshika mirija ya ziada. Niliangalia koo lake. Halikupanda wala kushuka. Mzee Sebastiani alikuwa tayari ameinamisha kichwa, midomo iko mrijani. Nyuma ya pazia nilijua shangazi amekaa na miguu inang'aa siagi, anasubiri kusikia vigelegele. Nikasema, "Hajameza."

Bibi akanikata jicho. Mzee Sebastiani akainua kichwa taratibu. "Rudia, shemeji. Mtoto anasema hujameza." Anselimi akacheka kicheko kikavu. "Watoto nao!" "Rudia tu." Akarudia. Safari hii alimeza, tena mara tatu, kwa sababu mzee alikuwa anahesabu. Kabla ya kusimama alitapika palepale, juu ya mkeka mpya wa bibi.

Wageni walisimama wote. "Rubeni! Mlitaka kutuua?" Mnajua neno sumu linavyokaa kwenye ukoo, likishaingia hamuozi wala hamuolewi mpaka vitukuu. Baba alikuwa ananyoosha mikono akiapa, kwa sababu kweli hakujua. Ndipo pazia lilipovutwa, na Yosefina akatoka mbele ya wakwe zake, kichwa wazi, jambo ambalo mwari hafanyi. Hakuwatazama. Alinishika mabega. "Angelina, sema unachojua. Chote."

Nikasema. Nikawaongoza bondeni. Mbwa walikuwa wameshalivuta paja kutoka kwenye mafunjo. Mzee Sebastiani aliziba pua kwa kola ya koti, akalitazama muda mrefu, akamwambia baba maneno ambayo hayajanitoka: "Sumu ningeielewa, ni kazi ya adui. Hii mmetuandalia kama wageni." Wakachukua fimbo zao, wakaondoka bila kuaga. Filipo aligeuka mara moja tu njiani.

Kilichonitia kinyaa zaidi kilikuja baadaye. Anselimi aliugua tumbo siku mbili, akapikiwa uji, akapewa pole. Mimi ndiye niliyechapwa. Bibi alisema damu ni nzito, mtoto wa kike hatoi ya ndani nje. Baba alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa fimbo ya pili. Yosefina peke yake hakunigombeza kwa kusema. Alinikuta nyuma ya nyumba, akakaa, akaniambia bila hasira, "Ungeniambia siku ile ile ya shimo, ningezimwaga mwenyewe." Akaolewa baada ya miaka sita, Biharamulo, na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto saba, mtu mzima kuliko baba. Hakulia siku ya kuondoka. Nililia mimi, maana ile siku moja ilikuwa mikononi mwangu, nikaiuza kwa kipande cha ini.

Siku hizi harusi za huku vinywaji vinaletwa kwenye kreti, chupa zimefungwa, hakuna anayeonja mbele ya mwenzake, na nyama tunanunua buchani. Vijana husema tumestaarabika. Mwaka huu huu wazee wa ukoo waliniita kikaoni. Kijana wetu mmoja, mtu mzima mwenye mke, amempa mimba mtoto wa shule wa jirani. Walikuwa wamenawa mikono, wamevaa vizuri, soda ziko mezani. Wakasema, bibi, afadhali tulisitiri jambo hili, ukoo usichafuke. Nikasikia kitu kimekaa nyuma ya ulimi. Sikunywa soda yao. Nilisimama na fimbo yangu nikaenda kwa mama wa yule binti, tukaenda naye ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Sasa kuna nyumba nne ambazo hazinisalimii, nami nalala vizuri.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na uzee una matundu. Huenda wakwe walikuwa sita, huenda Yosefina alikaa miaka mitano na si sita. Aliye na ukweli kuliko wangu, awe wa Kanazi au wa Mugoma, anisahihishe. Ila asinivute pembeni kuninong'oneza. Aseme palipo na watu.