Waliopatana kwenye Gari la Rowena

Wifi yangu Rowena Passwaters si mtu wa kupendeza, na nasema hivyo huku nikimpenda. Ana ulimi mkali, hasalimii mtu kabla hajanywa kahawa, na akikununia atakuuzia mayai huku amegeuzia uso ukutani. Kaka yangu Harlan alimwoa wote wawili wakiwa bado wadogo. Harlan alipofariki, Rowena alibaki na mabanda ya kuku, mtoto mmoja na gari letu la farasi. Hilo gari baba yetu alimkabidhi yeye, si mimi, na mimi nilinuna karibu mwaka mzima. Mwishowe nikakubali kukaa kando yake na kushika breki, na tangu hapo kila Siku ya Kurudi hapa Georgetown mnatuona tumeketi juu kule mbele, tumevaa vile vikofia vya bibi zetu vinavyofungwa kidevuni.

Wanaokuja kupiga picha husema hakuna siku nzuri kama hiyo katika Delaware nzima. Uchaguzi unakuwa Jumanne. Alhamisi aliyeshinda na aliyeshindwa wanapanda gari moja, wanazungushwa mbele ya mahakama, aliyeshindwa akiwa amekaa kinyumenyume, na wakubwa wa vyama wanafukia shoka kwenye sanduku la mchanga ili ijulikane kuwa ugomvi umekwisha. Sisi wengine tunapanga foleni kupewa mkate wenye nyama ya ng'ombe. Nami nilikuwa nikipiga makofi kama wote, mpaka mwaka walipompaka matope mtoto wetu.

Ulikuwa uchaguzi wa katikati, ule usio wa rais. Jimbo lilikuwa linachagua Mwanasheria Mkuu, Mweka Hazina na Mkaguzi wa Hesabu. Vyeo viwili vya mwisho havikumkosesha mtu usingizi. Cha kwanza kiligeuka vita. Upande mmoja alikuwapo Martin Haskett, mwendesha mashtaka wa siku nyingi, mpole, mwenye mashavu kama ya mtoto aliyetoka kulala. Upande wa pili Bradford Sallenger, wakili tajiri mwenye meno mengi kuliko maneno ya kweli. Nisamehewe, lakini simpendi na sitajifanya nampenda.

Mpwa wangu Garrett, mtoto wa Rowena, aliwahi kukamatwa akiwa na miaka kumi na tisa. Ghala la nyasi la watu lilichomwa moto, na gari lililoonekana likikimbia lilifanana na lake. Wakampiga picha ya polisi, ile ya uso wa mbele na uso wa upande, macho yamemtoka kwa woga. Kisha aliyechoma akapatikana, akakiri mwenyewe, na Haskett akaifuta kesi ya Garrett kama ilivyompasa. Mtoto akarudi nyumbani, akapata kazi ya kuendesha lori la chakula cha kuku, na sisi tukadhani yamekwisha.

Septemba tangazo la Sallenger likaanza kwenye televisheni. Sauti nzito kama ya kuzimu, moto unawaka, halafu picha ya Garrett imejaa kioo kizima. "Huyu alikamatwa kwa kuchoma mali ya mkulima. Martin Haskett akamwachia. Je, leo usiku yuko wapi?" Basi. Kwamba hakuchoma, halikusema. Kwamba aliyechoma yuko gerezani, halikusema. Jina pia halikusema, na huo ndio ujanja wa mawakili, kwa sababu hapa kwetu nani anahitaji jina? Kila mtu alikuwa anaijua ile sura tangu ilipokuwa inalia kanisani kwa kuota meno.

Lilionyeshwa asubuhi, lilionyeshwa katikati ya mpira, lilionyeshwa mpaka watoto wakawa wanaiga ile sauti. Wakulima wawili wakasema hawataki Garrett aingize lori kwao. Bosi wake akamwambia, "Kaa nyumbani kwanza, mpaka kura zipite, watu watulie." Kwenye chakula cha kanisani mama mmoja, ninayemjua tangu shule, alihamisha bakuli lake la viazi kutoka meza yetu. Nilimwambia maneno ambayo mchungaji aliniomba nisiyarudie. Garrett yeye aliacha kutoka, na akitoka alivaa kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi.

Rowena alimfuata Haskett. Alimkuta kwenye ukumbi wa wazima moto, siku ya kuchangishia pesa kwa kuuza kuku na maandazi ya mchuzi, anashika mikono ya watu. Nilikuwepo.

"Bwana Haskett, wewe unajua mwanangu hana kosa. Sema basi. Liseme hadharani, mara moja tu."

Haskett alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, nakuahidi. Nitalisema."

Hakulisema. Baadaye tulisikia washauri wake walimwambia aliache, kwamba ukilijibu tangazo unalitangaza zaidi. Rowena alikaa na redio kila siku akingoja neno lile moja, na kila siku Haskett alizungumzia barabara, shule na upendo wake kwa mbwa. Jumanne akashindwa. Sikumlilia.

Gari letu lilikuwa limekwisha pangiwa kumbeba Mwanasheria Mkuu. Kura zilipohesabiwa, Ellis Truitt wa kamati akaja kwa Rowena, ameshika kofia yake.

"Rowena, mwaka huu pumzika. Tutampa mtu mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

"Nani kakuambia nimechoka?"

"Sallenger ndiye atakayepanda, Rowena."

"Najua nani atapanda. Nataka apande. Akishapanda atakwenda wapi?"

Ellis akanitazama mimi nimsaidie. Nikamwambia farasi wameshapigiliwa vyuma vipya vya kwato, aende zake.

Nilijua alichokitaka wifi yangu, maana alinieleza wakati tunasugua hatamu. Sallenger atasimama jukwaani mbele ya mahakama, atapewa kipaza sauti. Kabla hajafika huko Rowena atamwomba, kwa adabu, kama mama kwa mtu mzima mwenzake, aseme kwamba yule kijana wa kwenye tangazo hakuwa na hatia. Kura ameshazipata, itamgharimu nini? Neno moja tu, kutoka kwenye mdomo uleule uliomchafua. Garrett alipoambiwa alisema, "Mama, achana nao." Rowena akamjibu kwamba haachani na mtu.

Alhamisi ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Mji ulijaa. Haskett alikuja kwanza, akapanda akakaa kinyumenyume, mgongo wake ukawa karibu ugusane na wetu. Aliusalimia ule umati, akatusalimia na sisi, "Habari za asubuhi, akina mama," na macho yake yakampita Rowena kana kwamba ni nguzo. Hakumkumbuka. Mikono miwili yote ile, na hakumkumbuka.

Sallenger akaja na watu wake, amevaa koti refu la bei. Rowena aliinama kutoka juu.

"Bwana Sallenger, nina ombi moja."

"Bila shaka, mama!" akasema, akamtia mkononi kikombe chake cha kahawa. "Nishikie hiki, nikipanda nacho kitanimwagikia." Akapanda. Akaanza kupungia watu.

Nilimwona Rowena anakitazama kile kikombe. Nikakichukua nikakimwaga chini, nacho nikakitupa. Akatikisa hatamu tukaondoka.

Sasa sikilizeni walivyokuwa wakizungumza, kwa sababu nililisikia kila neno na sitatia chumvi. Walikuwa kama mabwana arusi wawili.

"Martin, ulipigana vizuri," Sallenger alisema.

"Uliniua na lile tangazo la moto," akasema Haskett. "Pale ndipo niliposhika tama."

"Lilikuwa zuri, eh?"

"Zuri sana, mshenzi wewe. Mke wangu mwenyewe alitaka kunikimbia!"

Wakacheka. Sallenger akampigapiga gotini. "Na wewe ungekuwa nalo ungelitumia."

"Lazima ningelitumia," Haskett akasema. "Siasa ndiyo hiyo."

Nilimgeukia Rowena. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka chini ya kile kikofia. Farasi wetu wa kushoto, ambaye huhisi mambo, alianza kurusha kichwa. "Wifi," nikamnong'oneza, "tulia, usimvute hivyo." Akalegeza mikono. Nadhani bado alikuwa anahesabu nafasi ya kuomba, hata baada ya kusikia yale. Nilimwonea huruma mpaka hasira ikanipanda zaidi.

Karibu na mahakama msafara ukakwama, kama kawaida. Watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye magurudumu. Sallenger akainama nje ya gari akawa anavuna mikono, huyu, yule, "Asante, asante kwa kura yako." Na katikati ya hiyo mikono nikamwona Garrett. Alikuwa amekuja. Kofia ya sweta alikuwa ameishusha mabegani, uso wake wote wazi, katika ile baridi, mbele ya mji mzima. Watu wawili watatu walimtambua wakajisogeza. Sallenger akaushika mkono wake.

"Asante kwa kura yako, kijana. Mungu akubariki."

Garrett hakuuachia ule mkono. "Hunijui?"

Sallenger akamtazama. Alimtazama usoni hasa, karibu kama mimi ninavyokitazama kidole changu, akatafuta kichwani mwake, akachekelea. "Tulionana Dover, sivyo? Kwenye mkutano wa wakulima?"

"Tulionana kwenye televisheni," Garrett akasema.

"Ha! Siku hizi wote wananijua kwa televisheni!" Akamgonga begani, akanyoosha mkono kwa mtu wa pili.

Rowena alinitia hatamu mkononi. Alishuka. Magoti yake si ya kushukia magari, lakini alishuka, akafungua kile kimlango cha ubavuni.

"Shukeni."

"Tumefika?" akauliza Haskett.

"Nyinyi mmefika. Shukeni. Gari ni langu."

"Mama, kuna tatizo?" Sallenger bado anatabasamu, kwa sababu kamera zilikuwepo. "Tulia tuzungumze."

"Nilikuwa na ombi, sina tena. Mmeshapatana, nimewasikia kwa masikio yangu. Basi nendeni kwa miguu mmeshikana mikono, watu wawaone vizuri."

Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Ellis Truitt akaja mbio, anahema. "Rowena! Huwezi kufanya hivi! Ni desturi!"

"Wabebe mgongoni wewe," nikamwambia nikiwa juu.

Wakashuka. Haskett alishuka kwanza, na pale alipogusa lami ndipo alipomtazama Rowena sawasawa, na zile rangi za mashavuni zikamtoka. Alikumbuka. Alifungua mdomo. Rowena akampa kisogo.

Akamgeukia mwanawe, akamwonyesha kile kiti cha nyuma, chenye zulia jekundu na jina la Sallenger limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. "Panda," akamwambia. "Panda tupite mbele ya mahakama, wakuone. Wote wakuone wewe ni nani."

Hapo watu walikuwa wamekwisha elewa. Nilisikia mmoja anasema, "Si yule wa kwenye tangazo?" na simu zikanyanyuliwa juu. Garrett alizitazama, akamtazama mama yake. Hakuwa na hasira naye. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Mama," akasema, "nimetazamwa ya kutosha."

Rowena alisimama pale, mkono kwenye kimlango. Kisha akakifunga kile kimlango taratibu. Akamvalisha Garrett kofia yake ya sweta kama anavyovalishwa mtoto wa shule, akampandisha mbele katikati yetu, akageuza farasi kwenye njia ya pembeni, Ellis akituita kwa nyuma mpaka sauti ikamkauka. Njiani nilimpa Garrett breki aishike, apate cha kufanya.

Kwenye gazeti walisema gari moja lilipata hitilafu. Kamati imetuma mtu kuuliza kama uchaguzi ujao Rowena atakuwa amepoa. Nilimjibu mimi, na sikumkaribisha ndani. Bosi wa Garrett naye alimwita arudi, watu wametulia, si ndivyo alivyoahidi. Garrett alimshukuru. Januari, wiki ambayo Sallenger alikula kiapo, akapakia nguo zake akaenda Ohio kuendesha malori ya watu asiowajua. Mama yake alimfungia nyama ya kukaanga kwa ajili ya safari, akasimama barabarani mpaka gari likapotea, kisha akaenda kulisha kuku.

Garrett huwa anapiga simu Jumapili. Anasema Ohio ni pazuri, kwa sababu ukiingia dukani hakuna anayekutazama mara mbili. Huko hakuna anayeijua sura yake. Wala huyu Sallenger aliyemhamisha kwao haijui.